Somo: Kuandika hadithi ya visa na hatari katika bandari ya San Francisco, 1849

Wengi mnaoandika juu ya dhahabu ya California mnampeleka mhusika moja kwa moja machimboni, karai mkononi. Mwacheni bandarini kwanza. Mchimbaji anainama mtoni kutwa. Bandarini kila mtu ana anachokitaka kwa mwenzake.

1. Chagua mwezi. "Hapo kale" haitoshi. Dhahabu ilionekana Coloma, ndani ya California, Januari 1848, San Francisco ikiwa na watu kama 1,000. Mwisho wa 1849 walikaribia 25,000.

2. Tafuta tatizo la bandari yenyewe. Hapa ndipo penye utamu. Merikebu ikitia nanga tu, mabaharia wanatorokea machimboni, shehena inabaki bila wa kuipakua. Mamia ya vyombo vilitelekezwa kwenye ghuba ya Yerba Buena. Euphemia ikageuzwa jela. Niantic, iliyokuwa ikiwinda nyangumi, iliingia Julai 1849 na abiria waliotoka Panama. Ikavutwa ufukweni, ikaezekwa, ikatobolewa milango ubavuni, ikawa ghala. Moto wa Mei 1851 uliiunguza, ghuba ikafukiwa, na mwaka 1978 wajenzi waliochimba msingi penye mitaa ya Clay na Sansome wakakuta sehemu yake ya chini, na chupa za shampeni humo. Jiulize: siku ile ya moto, nani alikuwa ameficha nini mle ndani? Hiyo peke yake ni sura tatu.

3. Mpe mhusika kazi. Mpiga makasia, karani wa ghala, dobi. Asiye na kazi utahangaika kumtafutia sababu ya kuwepo gatini usiku.

4. Habari zichelewe. California ilifanywa jimbo la Marekani tarehe 9 Septemba 1850. Mji ukapata habari 18 Oktoba, meli Oregon ilipowasili. Mwezi na zaidi! Mhusika wako anaweza kula na kucheka huku mwenye mali yake ameshazikwa New York.

5. Mbio ziwe za majini. Juni 1851 John Jenkins aliiba sefu, akakimbia nayo kwa mashua. Walimkamata, na Kamati ya Ulinzi iliyojiundia mahakama ikamnyonga usiku huohuo. Msiige kisa chenyewe. Tazameni jinsi uzito wa sefu unavyomchelewesha mwizi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, naweza kumwingiza baharia wa Zanzibar?*
Unaweza, ila mwonyeshe njia. Sayyid Said alikuwa na mkataba wa biashara na Marekani tangu 1833, na merikebu za Salem, bandari ya Massachusetts huko Marekani, zilikuja Unguja kuchukua pembe na sandarusi. Apandie huko, afike Salem, ndipo azunguke Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika. Hiyo ni miezi mingi, kwa hiyo asifike akiwa na nguo safi.

*Bei nitaziandikaje bila kuchosha?*
Weka mizani mezani. Wakia moja ya vumbi la dhahabu ilikwenda kwa dola 16 hivi, na baa walipokea kwa kubana vumbi kati ya vidole. Muuzaji mwenye kidole gumba kipana ni mhusika tayari.

*Mtu halisi kama Sam Brannan, yule mfanyabiashara, aongee?*
Apite tu. Mei 1848 alitembea mitaani na chupa ya vumbi akitangaza dhahabu, duka lake likiwa limeshajaa vifaa vya kuchimbia. Mhusika wako amsikie akiwa upande wa pili wa barabara, kisha aende kununua koleo na kukuta bei imepanda.