Saikolojia na sosholojia kwenye shahada moja: anza na swali moja

Mtu amepoteza kazi, na miezi inapita hajitafutii nyingine. Saikolojia inamtazama yeye: usingizi wake, mawazo yake, namna anavyojiona tangu aachishwe. Sosholojia inauliza kiwanda kimefungwa kwa nini, wangapi wameachishwa pamoja naye, na jamii inamwekaje mtu asiye na kazi. Anayesoma masomo haya mawili kwa pamoja anatakiwa ajibu kote kuwili, tena ajue jibu la kwanza linaishia wapi na la pili linaanzia wapi. Nimesoma shahada hii, na siku hizi nawasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuandika insha. Haya ndiyo ninayowaambia.

Kwanza, kabla hujajiandikisha, soma mtaala wote hadi mwaka wa mwisho. Angalia masomo ya lazima ni yapi, na tasnifu inaandikwa chini ya idara gani. Kama ndoto yako ni kuwa mwanasaikolojia wa tiba, uliza swali moja kwa maandishi: je, shahada hii inatambuliwa na chombo kinachosimamia wanasaikolojia katika nchi unayotaka kufanyia kazi? Nchi nyingi hudai kiwango fulani cha saikolojia ndani ya shahada, na shahada ya masomo mawili wakati mwingine hukifikia pale tu unapochagua masomo fulani ya hiari. Ni vyema ulijue hilo sasa, usije ukalijua mwaka wa tatu.

Ukishaanza, usiyasome kama masomo mawili yasiyojuana. Kila muhula chagua jambo moja, kwa mfano upweke, uraibu, utii, au kukosa kazi, na ulibebe kwenye kila mhadhara. Fungua daftari kurasa mbili: kushoto andika saikolojia inasemaje, kulia sosholojia inasemaje, na chini kabisa andika pale zinapopingana. Sehemu hiyo ya chini ndiyo itakayokupa insha nzuri. Wengi huiacha tupu kwa sababu ni ngumu, na mimi huwarudisha hapohapo kila mara.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni utafiti wa Marienthal, kijiji cha Austria ambacho karibu watu wote walitegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilipofungwa, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, pamoja na wenzao, walikwenda kuona kukosa kazi kunawafanya nini watu wa kijiji kizima. Matokeo yalichapishwa mwaka 1933. Walihesabu vitabu vilivyoazimwa maktaba, wakakuta vimepungua sana ingawa watu walikuwa na muda tele na ada ya kuazima ilikuwa imeondolewa. Waliwaomba wanakijiji waandike siku yao ilivyokwenda saa kwa saa. Walikaa mahali wasipoonekana, saa mkononi, wakapima mwendo wa wapita njia. Wanaume walitembea polepole kuliko wanawake na kusimamasimama njiani, maana wanawake bado walikuwa na nyumba za kuhudumia. Mwendo wa mtu barabarani ni tabia ya mtu mmoja, lakini kilichoubadilisha ni kufungwa kwa kiwanda. Soma utafiti huo mapema, uone jinsi watafiti walivyochanganya hesabu, maandishi na mahojiano.

Kosa ninaloliona zaidi kwenye insha ni kuruka kutoka ngazi moja hadi nyingine bila kusema. Mwaka 1950 William Robinson alichambua sensa ya Marekani ya mwaka 1930. Maeneo yaliyokuwa na wahamiaji wengi ndiyo yaliyokuwa na wachache wasiojua kusoma. Haraka haraka ungesema wahamiaji walisoma zaidi. Ukimtazama mtu mmoja mmoja, ilikuwa kinyume: wahamiaji ndio waliokuwa nyuma kidogo, ila walihamia zaidi kule ambako wenyeji walishajua kusoma. Kwa hiyo unapomsoma Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa aliyelinganisha viwango vya watu kujiua kati ya maeneo ya Waprotestanti na ya Wakatoliki mwaka 1897, jiulize anazungumzia kundi au mtu.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Mwanasaikolojia Stanley Milgram, katika Chuo Kikuu cha Yale, aliwaagiza watu wampige mwenzao shoti za umeme walizodhani ni za kweli, akaona 26 kati ya 40 wakitii hadi swichi ya mwisho ya volti 450. Wanafunzi hulichukua jambo hilo na kueleza nalo tabia ya mataifa mazima. Soma majaribio yake yaliyofuata. Mtafiti alipotoka chumbani na kuagiza kwa simu, waliotii hadi mwisho walipungua sana. Jaribio lilipohamishiwa ofisi ya kawaida mjini Bridgeport, mbali na jina la chuo, walipungua pia. Hapo sosholojia ina swali lake halali: mamlaka ya chuo ilitoka wapi?

Uandishi wenyewe unatofautiana, na hili huwachosha wengi. Ripoti ya saikolojia ina utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala, na msomaji anataka aweze kurudia ulichofanya. Insha ya sosholojia inakutaka ujenge hoja na ubishane na nadharia. Idara hizi mbili zinaweza hata kudai mitindo tofauti ya kuandika marejeo, kwa hiyo tengeneza kiolezo cha kila idara wiki ya kwanza.

Takwimu usizikimbie. Chukua namba kumi, tafuta wastani na mkengeuko sanifu (kipimo cha namba zilivyotawanyika kutoka kwenye wastani) kwa mkono, kisha rudia kwa programu ya takwimu ya R, ambayo ni ya bure. Ukielewa hapo, utaelewa kwa nini mwaka 2015 watafiti waliporudia tafiti 100 za saikolojia, ni asilimia 36 tu zilizopata tena matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Usikariri jaribio maarufu kabla hujajua kama limerudiwa. Na usidharau mahojiano ukidhani ni kazi nyepesi: kuandika neno kwa neno saa moja ya mazungumzo hula saa kadhaa, na kuyasimba, yaani kuyapanga kwa mada, hula zaidi.

Tasnifu ndipo masomo yote mawili yanapokutana, mradi swali liwe dogo. Tuseme upweke wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Unaweza kutumia kipimo cha upweke cha UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles), ambacho ni dodoso lenye vipengele 20, kwa wanafunzi 80, kisha ukafanya mahojiano na wanane kati yao: wanaoishi bwenini na wanaotoka nyumbani, wanaofanya kazi usiku na wasiofanya. Kipimo kitakuambia nani ana upweke zaidi. Mahojiano yataonyesha ratiba, pesa na makazi vinavyomtenga. Kamati ya maadili itataka kuona fomu ya ridhaa, na mpango wako iwapo mtu atalia au kusimulia jambo zito katikati ya mahojiano. Andika mpango huo kwa uangalifu, kwa sababu jambo hilo hutokea.

Mwisho wa mwaka wa pili, andika swali lako na mbinu zako kwenye ukurasa mmoja, upeleke kwa muhadhiri mmoja wa kila idara. Mmoja atakuwa msimamizi. Mwingine mwombe asome sura ya mbinu tu. Nenda kabla ya likizo ndefu, kwa kuwa nafasi za usimamizi hujaa mapema.