Jinsi ya kusoma takwimu za vifo katika ripoti ya afya ya wilaya, England 1900–1914

Kila mwaka mganga wa afya wa wilaya aliandika ripoti: wangapi wamezaliwa, wangapi wamekufa, kwa maradhi gani. Usinukuu kiwango chochote kabla ya kujua kimepigwaje.

1. Kagua idadi ya watu. Sensa ni za 1901 na 1911. Miaka ya katikati ni makadirio. Kama watu walihama, makadirio ya 1910 huzidi ukweli na kiwango cha vifo huonekana kidogo. Ukiona tofauti kubwa na sensa ya 1911, piga hesabu upya.

2. Tafuta vifo vya wenyeji. Hospitali au nyumba ya maskini huijazia wilaya vifo vya watu wa kwingine. Toa wageni waliofia humo, ongeza wenyeji waliofia nje. Ripoti nyingi zina jedwali la marekebisho haya.

3. Vifo vya wachanga: gawa vifo vya wasiotimiza mwaka kwa vizazi hai vya mwaka huohuo, zidisha kwa 1,000. Vifo 72 kwa vizazi 600 ni 120. Wengi hukosea hapa kwa kugawa kwa idadi ya watu wote. Kwa England na Wales kiwango kilikuwa 105 mwaka 1910, kikapanda hadi 130 mwaka 1911, kisha 95 mwaka 1912. Joto kali la 1911 lilileta kuhara kulikoua watoto wengi, kwa hiyo angalia vifo vya Julai hadi Septemba peke yake. Penye vizazi 150 tu, vifo vitatu hupandisha kiwango kwa 20; chukua wastani wa miaka mitano.

4. Fasiri majina ya maradhi. "Phthisis" ni kifua kikuu cha mapafu, "enteric fever" ni homa ya matumbo. "Convulsions" ni degedege, nayo ni dalili: nyuma yake huenda kulikuwa na kuhara, nimonia au kifaduro. "Debility" na "marasmus" ni udhaifu na kukonda tu. Yaweke kundi la peke yake, usiyagawe kwa kubahatisha. Degedege ikipungua huku kuhara kukiongezeka, pengine madaktari ndio waliobadili uandishi. Tena, orodha ya kimataifa ya sababu za vifo ilianza kutumika 1911, hivyo usiunganishe mfululizo bila kukagua makundi.

5. Tenga wagonjwa na vifo. Kuripoti kila mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu kulikuwa lazima kuanzia 1912, kwa hiyo ongezeko la mwaka huo si mlipuko. Surua na kifaduro ziliua watoto wengi, lakini wilaya nyingi hazikuripoti wagonjwa wake. Usikokotoe wangapi kati ya waliougua walikufa.