Namna ya Kumdodosa Shahidi Aliyemwona Mtu Usiku Bila Kumsaidia

Kesi nyingi za unyang'anyi wa kutumia silaha ninazopokea zimebebwa na sentensi moja: "Nilimtambua kwa sababu kulikuwa na mwanga wa taa." Ukiiacha ilivyo, ni dhaifu. Ukiichokonoa vibaya, mteja wako anakwenda miaka 30, ambayo ndiyo adhabu ya chini ya kosa hilo hapa Tanzania. Haya nayaandika kwa wakili mchanga wa utetezi atakayesimama kesho asubuhi kumdodosa, yaani kumhoji, shahidi wa upande wa mashtaka.

Hatua ya 1: Chora jedwali. Usiku huu soma hukumu ya Mahakama ya Rufani katika Waziri Amani dhidi ya Jamhuri [1980] TLR 250 (TLR ni Tanzania Law Reports, majalada ya hukumu). Soma hukumu yenyewe, ipo bure TanzLII, tovuti ya hukumu za Tanzania, usitegemee muhtasari wa mwenzako. Inasema utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu, na usitiwe mtu hatiani kwa huo mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Ndani yake mna vipimo: shahidi alimwangalia mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, mchana au usiku, mwanga ulikuwaje, aliwahi kumwona kabla? Kila kipimo kipe mstari wake. Shahidi anapoongozwa na wakili wa Serikali, jaza maneno yake kama alivyoyatamka. Mstari utakaobaki mtupu ni mali yako.

Hatua ya 2: Usiujaze wewe. Mwaka wangu wa kwanza shahidi alisema "taa ilikuwa inawaka", basi. Mimi, kwa kujiona hodari, nikamuuliza: "Taa gani hiyo, na ilikuwa na mwanga kiasi gani?" Akanijibu taratibu: ya sola, mpya, inamulika mpaka zizini, na mteja wangu alisimama chini yake. Wakili wa Serikali hakuinua hata kichwa. Nilikuwa nimemmalizia kazi. Mahakama ya Rufani imesema, kwa mfano katika Issa Mgara, Rufaa ya Jinai Na. 37 ya 2005, kwamba haitoshi kudai palikuwa na mwanga. Ukali wake lazima uelezwe. Anayepaswa kuueleza ni upande wa mashtaka.

Hapa wengine hunikumbusha kanuni ya kwamba asiyemdodosa shahidi juu ya jambo huhesabiwa kulikubali. Ni kweli, ila inahusu jambo *alilolisema*. Akisema alimwona mteja wako, mwambie wazi kwamba hakumwona, kisha hamia kwingine. Ambalo hakulisema huna haja ya kulipinga.

Hatua ya 3: Jina lilitajwa lini, na kwa nani? Kwangu hapa ndipo kesi hizi zinapoamuliwa. Marwa Wangiti Mwita [2002] TLR 39 inasema kumtaja mtuhumiwa mapema kabisa kunamwongezea shahidi uaminifu, na kuchelewa bila maelezo kunatia shaka. Kabla ya kuuliza, soma maelezo ya mlalamikaji polisi, ambayo mshtakiwa ana haki ya kupewa. Kama jina halimo, nenda hivi:

— Walipoondoka ulipiga yowe?
— Ndiyo.
— Majirani wakaja?
— Wakaja, na mwenyekiti wa kitongoji.
— Alikuuliza ni akina nani?
— Aliuliza.
— Usiku ule hukumtajia jina la mshtakiwa?
— Sikumtajia.

Nyamaza. Swali la "kwa nini hukumtaja?" litakuwasha ulimini, limeze. Mahakama inatilia shaka kuchelewa *kusikoelezwa*, na ukiuliza umeomba maelezo. Wakili wa Serikali akiyataka, atayaomba mwenyewe zamu yake ikifika.

Hatua ya 4: Yaingize maelezo ya polisi. Kumwambia shahidi "polisi ulisema vingine" hakutoshi. Asomewe maelezo yake, aonyeshwe sehemu zinazopingana na anachosema sasa, kisha uombe yapokelewe kuwa kielelezo. Wengi huishia kwenye kusoma, halafu kwenye rufaa wanashangaa majaji hawayaoni. Hawawezi kuyaona, hayamo kwenye mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu ya kesi iliyoandikwa mahakamani.

Hatua ya 5: Gwaride. Kama shahidi hakumjua mshtakiwa kabla, tafuta kama lilifanyika gwaride la utambulisho, ambapo mtuhumiwa hupangwa mstari na watu wengine ili shahidi amchague, na kama kabla yake alitoa wajihi: kimo, rangi, mavazi. Kumnyooshea mtu kidole akiwa peke yake kizimbani hakuna uzito. Kama walikuwa wakifahamiana, gwaride halina kazi. Rudi hatua ya 3.

Hatua ya 6: Sikiliza kinachoandikwa. Sheria iliyorekebishwa 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini bado utakutana na mwenendo ulioandikwa kwa Kiingereza, na maneno hupotelea njiani. Shahidi anasema "nilimfananisha", hakimu anaandika kwamba alimtambua. Kufananisha ni kudhani. Kutambua ni kujua. Simama papo hapo, kwa adabu: "Mheshimiwa, naomba neno la shahidi, *nilimfananisha*, liingie kama alivyolitamka." Ukingoja hoja za mwisho, utakuwa unabishana na karatasi.