Kutia mota mpya kwenye msumeno wa meza wa zamani

Meza ya msumeno ya chuma kizito haifi upesi. Kinachokufa ni mota yake, na anayekwenda kutafuta nyengine huuliza swali moja tu: ina HP (nguvu za farasi) ngapi? HP ni jambo la tatu. La kwanza ni mizunguko kwa dakika, la pili ni mota iliyofungika isiyoingia vumbi. Maelezo haya ni ya msumeno wa bledi ya milimita 300, unaopasua mbao ngumu za kwetu: mfenesi, msaji, mvule.

Kabla ya kununua chochote, kata umeme, toa mkanda, zungusha shafti ya bledi kwa mkono. Ikikwaruza au ikicheza, beringi zimekwisha, na mota mpya haitaziponya. Namba imeandikwa ubavuni mwa beringi. Nunua namba hiyohiyo, lakini yenye raba pande zote mbili (mwishoni huandikwa 2RS), maana unga wa mbao pamoja na hewa ya chumvi huimaliza haraka beringi iliyo wazi.

Hatua ya 1: Soma kibati cha mota

Umeme wetu wa Unguja ni 230 V kwa fezi moja na 400 V kwa fezi tatu, 50 Hz. Kama karakana ina fezi tatu, chukua mota ya fezi tatu bila kufikiri mara mbili: haina kapasita (kifaa cha kuhifadhi umeme kinachoisaidia mota kuwaka) wala swichi ya ndani ya kuharibika. Kama ni fezi moja, tafuta yenye kapasita mbili, ya kuwashia na ya kuendeshea. Bledi ya 300 inataka angalau 2 HP (kW 1.5). Kwa mfenesi mnene au mvule, 3 HP (kW 2.2).

Kwenye mitumba tizama sana volti. Kibati cha 100 V ni cha Japani, cha 115 V na 60 Hz ni cha Marekani. Ukizichomeka hapa moja kwa moja zitaungua. Tafuta pia maandishi IP54 au IP55, yaani imefungika, na S1, yaani inaweza kufanya kazi mfululizo. Mota yenye matundu ya hewa hujaa unga wa mbao ndani, ikapata joto, na unga ule ukashika moto.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya puli

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Zidisha kipenyo cha puli ya mota kwa mizunguko yake, kisha gawa kwa kipenyo cha puli ya bledi. Mota ya 1440 yenye puli ya milimita 160, ikivuta puli ya 80, inatoa 160 × 1440 ÷ 80 = 2880. Kwa bledi ya 300 meno yanakwenda kama mita 45 kwa sekunde, kasi nzuri.

Mota ya 2880 inataka puli mbili zilizo sawa. Ukiifunga na kuziacha puli za zamani za 160 na 80, bledi itazunguka mara 5760. Linganisha na kikomo kilichochapwa kwenye bledi yenyewe. Kikipitwa, meno yanaweza kuruka, na yakiruka yanamwendea aliyesimama mbele.

Tundu la puli lilingane na shafti. Misumeno ya Kiingereza ina shafti za inchi: robo tatu ni milimita 19.05, kwa hiyo puli ya tundu la 20 itacheza hata ukiibana vipi. Ipeleke kwa fundi wa mashine ya kukereza.

Hatua ya 3: Funga mota

Bamba la chuma la milimita 8, matundu marefu ili mota iweze kusogezwa, bolti za M10 na washa za springi. Weka rula ndefu ya chuma kwenye nyuso za puli zote mbili: iguse sehemu nne. Ikigusa tatu, mkanda utaliwa upande mmoja. Kwa 3 HP tumia mikanda miwili ya V ya saizi A, na uibadilishe yote pamoja. Ukiubonyeza mkanda katikati kwa dole gumba, uingie milimita 6 hadi 10. Kukaza kupita kiasi kunaua beringi.

Hatua ya 4: Umeme

Mota ya 3 HP ya fezi moja hula kama ampea 14 ikiwa na mzigo, na wakati wa kuwaka huvuta mara tano au zaidi. Plagi ya ampea 13 si mahali pake. Vuta waya wa 2.5 mm² kutoka kwenye breka yake mwenyewe ya ampea 20, aina ya C (isiyokata kwa mvuto wa kuwaka), na ethi iliyofungwa kwenye mwili wa mota na kwenye meza. Ukipita mita 20, tumia waya wa 4 mm².

Swichi ya ukutani haitoshi. Tia kontakta (swichi inayoshikwa na sumaku ya umeme) yenye vitufe vya kuwasha na kuzima, koili ya 230 V, na rilei ya kuzidiwa, inayokata mota ikivuta umeme kupita kiasi, iliyopangwa kwa ampea za kibati. Umeme wa Unguja unakuja kwa waya wa chini ya bahari, na ukikatika ukarudi ghafla, kontakta haiuwashi msumeno peke yake. Rilei yenye njia tatu ikitumika kwa fezi moja, pitisha waya wa moto njia mbili mfululizo na nyutro njia ya tatu. Ukiacha njia moja tupu itakuwa inakata bila sababu.

Hatua ya 5: Jaribu bila bledi

Washa kidogo, zima. Juu ya shafti lazima pazunguke kuja kwako. Ikigeuka kinyume, nati ya bledi inaweza kujifungua yenyewe. Kwa fezi tatu badilisha fezi mbili zozote. Kwa fezi moja geuza ncha mbili za waya wa kuwashia, zinazoandikwa Z1 na Z2. Ndipo utie bledi na kinga yake.

Ikinguruma bila kuzunguka, izime mara moja. Sababu ya kawaida ni kapasita ya kuwashia, au swichi ya ndani iliyojaa unga. Ikiwaka vizuri asubuhi na kushindwa jioni, huenda volti zinashuka: zipime kwenye mota yenyewe wakati wa kuwaka, si kwenye breka.