Somo: Kupima mnato wa plazma hatua kwa hatua, na maswali ya wanachama

Somo hili limeandaliwa kwa wataalamu wa maabara wa hospitali za kaunti na za misheni kuanzia Nakuru hadi Busia, ambao wengi wao hupima ESR (kasi ya chembe nyekundu kuzama) kila siku lakini hawajapata kushika viskomita, yaani chombo cha kupimia mnato. Mnato wa plazma ni ukinzani ambao sehemu ya majimaji ya damu huonyesha inapopita katika mrija mwembamba. Ukinzani huo hutokana hasa na protini kubwa zilizomo, yaani fibrinojeni (ya kugandisha damu), imunoglobulini (za kinga) na alfa-2-makroglobulini. Albumini, ijapokuwa ndiyo iliyo nyingi kuliko zote, huchangia kidogo kwa sababu molekuli yake ni ndogo na haikurefuka kama ya fibrinojeni. Kwa hiyo kipimo hiki hupanda mwili unapopambana na uvimbe wa muda mrefu au maambukizi, na hupanda kupita kiasi pale ambapo seli za uboho zimeanza kutengeneza protini ya aina moja bila kukoma.

Nitakaa zaidi kwenye suala la joto kuliko vitabu vingi vinavyofanya, kwa kuwa katika eneo letu ndilo huharibu majibu kabla ya jambo lingine lolote.

Hatua ya kwanza: kuchukua damu

Mgonjwa aketi kwa takriban dakika 15 kabla ya kutolewa damu. Mtu aliyetoka kutembea au kusimama kwenye foleni ndefu huwa amepoteza maji kiasi kutoka kwenye mishipa, na protini zilizobaki huwa zimekolea. Kwa sababu iyo hiyo, mpira wa kufunga mkono usikae zaidi ya dakika moja. Damu iwekwe kwenye chupa ya EDTA (dawa ya kuzuia damu kuganda), ile yenye kifuniko cha zambarau, na ijazwe hadi alama iliyowekwa. Chupa isiyojaa ina EDTA nyingi kupita kiasi, ambayo huvuta maji kutoka ndani ya chembe nyekundu na kuizimua plazma. Chupa ya sitrati haifai hata kidogo, kwa maana dawa yake ni ya majimaji na huongeza ujazo. Pindua chupa taratibu mara nane hadi kumi, usiitikise.

Hatua ya pili: kutenga plazma

Zungusha damu kwenye sentrifuji kwa dakika 10 hadi 15, kisha nyonya plazma ya juu bila kugusa tabaka jeupe lililo juu ya chembe nyekundu. Itazame kwenye mwanga. Ukiona uzi wa damu iliyoganda, hata mdogo, sampuli hiyo irudishwe, kwa kuwa fibrinojeni imekwisha kutumika na jibu litakuwa chini ya ukweli. Plazma nyekundu kwa sababu ya chembe kupasuka irudishwe vilevile. Plazma nyeupe kama maziwa kutokana na mafuta inaweza kupimwa, lakini jambo hilo liandikwe kwenye ripoti.

Plazma isiyoweza kupimwa mara moja ifunikwe vizuri isije ikapoteza maji. Usikimbilie kuiweka kwenye friji. Baadhi ya wagonjwa tunaowatafuta kwa kipimo hiki wana protini zinazoganda kwenye baridi, na protini iliyozama chini ya chupa haitapita kwenye mrija wako.

Hatua ya tatu: joto la maji

Mnato wa plazma hupungua kwa takriban asilimia 2 kwa kila digrii moja ya Selsiasi inayoongezeka. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiwango kinachotumika sana ni 1.50 hadi 1.72 mPa·s (milipaskali-sekunde, kizio cha mnato) kwenye joto la 25°C, na 1.16 hadi 1.33 mPa·s kwenye joto la 37°C. Upana wote wa kiwango cha kawaida cha 25°C, basi, ni sawa na mabadiliko ya digrii zipatazo saba hivi, na kosa la digrii mbili tu linaweza kumhamisha mgonjwa kutoka kundi moja hadi jingine. Hodhi ya maji ambamo viskomita huzamishwa inapaswa kushikilia joto lake bila kupotoka zaidi ya 0.1°C.

Maabara nyingi za Uingereza, ambako kipimo hiki kimezoeleka sana, zimekuwa zikipima kwenye 25°C, na mtu anayefuata mwongozo wao neno kwa neno akiwa Kisumu atapata taabu. Hodhi ya kawaida ina kipasha joto tu, haina kipoza joto. Mji huu uko kando ya ziwa, kwenye mwinuko wa kama mita 1,130, na chumba kisicho na kiyoyozi hupita 25°C kabla ya saa sita mchana. Kidhibiti kitazima kipasha joto, taa yake itatulia, nawe utadhani kila kitu ni sawa ilhali maji yamefika 28°C kwa sababu hewa ya chumba imeyafikisha hapo. Ushauri wangu ni kwamba maabara za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Busia zipime kwenye 37°C, ambako kipasha joto peke yake kinatosha. Nakuru, iliyo karibu mita 1,850 juu ya bahari, inaweza kumudu 25°C kwa siku nyingi, lakini sioni faida ya kuhangaika. Kipimajoto cha pembeni, kilichokaguliwa, kikae ndani ya hodhi karibu na viskomita, na namba yake iandikwe kwenye daftari kila kundi la sampuli linapopimwa.

Hatua ya nne: kupima

Maelezo haya ni ya viskomita ya kioo yenye umbo la U, ambayo kioevu hushuka kwa uzito wake chenyewe. Simamisha chombo wima kabisa ndani ya hodhi. Weka kiasi kilekile cha kioevu kila mara, kwa pipeti na si kwa kukadiria, kisha subiri dakika tano au zaidi ili kipate joto la maji. Kivute juu ya alama ya kwanza kwa mpira wa kunyonyea, kamwe si kwa mdomo, kiache kishuke, na uanze kuhesabu sekunde uso wake unapogusa alama ya juu hadi unapogusa ya chini. Kiputo kimoja cha hewa kinatosha kuharibu usomaji. Anza na maji yaliyokenekwa, kisha plazma. Kila kimoja kipimwe mara mbili, na nyakati hizo mbili zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 1, tafuta kosa kabla ya kupima mara ya tatu.

Hatua ya tano: hesabu

Gawanya muda wa plazma kwa muda wa maji, zidisha kwa 1.03 kwa sababu plazma ni nzito kidogo kuliko maji, halafu zidisha kwa mnato wa maji katika joto lilelile, ambao ni 0.69 mPa·s kwenye 37°C na 0.89 kwenye 25°C. Maji yakipita kwa sekunde 60 na plazma kwa sekunde 108 kwenye 37°C, jibu ni 1.8 × 1.03 × 0.69, yaani 1.28 mPa·s, ambalo ni la kawaida. Ripoti iandike namba hiyo, kipimo chake cha mPa·s, joto lililotumika na kiwango cha kawaida cha joto hilohilo. Ripoti isiyotaja joto haina maana.

Hatua ya sita: kuosha

Muda wa kioevu kupita hutegemea nusu kipenyo cha mrija kikipandishwa kwa kipeo cha nne. Utando wa protini ukipunguza upana huo kwa asilimia 5 tu, muda hurefuka kwa zaidi ya asilimia 20. Suuza kwanza kwa maji ya chumvi ya hospitali, ndipo utumie sabuni ya maabara, maji yaliyokenekwa na mwisho asetoni ya kukaushia. Wengi huanza na maji yaliyokenekwa kwa kudhani ndiyo usafi zaidi, kumbe IgM, imunoglobulini iliyo kubwa kuliko nyingine, ikikutana na maji yasiyo na chumvi huweza kuganda papo hapo na kushika kwenye kioo.

Kulisoma jibu

Ongezeko dogo juu ya kiwango cha kawaida huambatana na maambukizi, baridi yabisi, ujauzito, kisukari na mengineyo mengi, na halimtambulishi adui. Katika eneo letu kuna sababu nyingine ya kutokuwa na haraka: kifua kikuu, virusi vya UKIMWI na malaria ya mara kwa mara huongeza imunoglobulini za kila aina, na wengu lililovimba kwa malaria ya muda mrefu huweza kuambatana na IgM ya juu sana isiyotokana na saratani yoyote. Viwango nilivyovitaja hapo juu vilipatikana kwa watu wa Ulaya. Maabara itakayoanzisha kipimo hiki ipange kupima watu wenye afya wa eneo lake, wasiopungua 120 kwa kila kundi, ili ipate kiwango chake yenyewe.

Jibu la juu sana ndilo linalokihalalisha kipimo hiki. Katika ugonjwa wa Waldenström, aina ya saratani ya damu ambayo daktari Msweden Jan Waldenström aliueleza mwaka 1944, seli za uboho hutoa IgM ya aina moja. Molekuli ya IgM ina uzito wa karibu daltoni 970,000, ilhali IgG ina 150,000, na hukaa karibu yote ndani ya mishipa. Mgonjwa hutokwa damu puani na kwenye fizi, huona ukungu, huumwa kichwa, huyumba, na mwishowe huweza kuchanganyikiwa au kuzimia. Dalili hizo ni nadra mnato usipofikia 4 mPa·s, ingawa wapo wanaougua mapema zaidi. Maieloma, saratani nyingine ya uboho, nayo huweza kuleta hali hiyo, hasa ile ya IgA (imunoglobulini ya aina nyingine), ambayo molekuli zake huungana.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Bungoma: Mwalimu, sisi tuna ESR, na siku hizi CRP (kipimo cha protini ya uvimbe) pia. Mbona tuongeze kipimo cha tatu?

Kwa hospitali ndogo yenye CRP ya kuaminika, huenda msihitaji. CRP hupanda na kushuka upesi, kwa hiyo inafaa kwa maambukizi ya ghafla. Mnato wa plazma husogea polepole, na unafaa kumfuatilia mgonjwa wa baridi yabisi kwa miezi. Lakini CRP haitaonyesha IgM iliyozidi, wala ESR haitakwambia plazma ni nzito kiasi gani. Mrija wa Westergren, unaopimia ESR, unaweza kusoma zaidi ya 100 kwa mgonjwa wa kifua kikuu na kwa mgonjwa wa Waldenström vilevile. Faida nyingine ni kwamba upungufu wa damu huipandisha ESR hata pasipo uvimbe, ilhali mnato wa plazma hupimwa baada ya chembe nyekundu kuondolewa.

Swali kutoka Siaya: Mtoto mwenye selimundu ana homa na maumivu makali, lakini ESR yake ni 4. Je, mashine imekosea?

La, na hili ni swali muhimu kwa ukanda wetu wa ziwa. ESR hupanda chembe nyekundu zinapopangana kama sarafu na kuzama pamoja. Chembe zenye umbo la mundu haziwezi kupangana hivyo, kwa hiyo huzama taratibu hata mtoto akiwa na maambukizi makubwa. ESR ya chini kwa mtoto huyo isimtulize mtu yeyote. Mnato wa plazma au CRP hauathiriwi na umbo la chembe.

Swali kutoka Nakuru: Naweza kutumia seramu iliyobaki kwenye chupa ya kifuniko chekundu?

Inategemea unatafuta nini, Bi. Mkuu. Ukishuku protini iliyozidi, seramu inafaa, na vituo vingi hufanya hivyo. Ukitafuta uvimbe, haifai, kwa sababu fibrinojeni imebaki kwenye donge la damu. Kwa vyovyote, usisome jibu la seramu kwa kiwango cha plazma.

Swali kutoka Kakamega: Stima hupotea kwetu mara kwa mara. Nikiwa katikati ya kazi nifanye nini?

Acha kupima. Maji ya hodhi hupoa taratibu, nawe hutaona tofauti kwa macho. Stima ikirudi, subiri kipimajoto kitulie kwenye 37°C kwa dakika 15 hivi, upime tena maji yaliyokenekwa, ndipo urudie sampuli. Muda wa maji ukilingana na wa asubuhi, endelea.

Swali kutoka Kericho: Tumempokea mzee mwenye himoglobini ya 6, anatokwa damu puani, na kwenye slaidi chembe zimepangana mistari mirefu. Daktari ameagiza damu pakiti mbili. Kazi yetu si ni kuitoa tu?

Mpigieni daktari simu kabla ya damu kutoka benki, na mwandike saa mliyompigia. Ikiwa mzee huyo ana mnato uliozidi, chembe nyekundu za ziada zitaifanya damu yote kuwa nzito zaidi, na hali ya ubongo na macho inaweza kuharibika ghafla. Huenda pia himoglobini yake inaonekana ya chini kuliko ilivyo, kwa maana IgM nyingi huvuta maji ndani ya mishipa na kuizimua damu. Daktari atahitaji kumchunguza macho kwa taa, ambako mishipa ya retina huwa imevimba na kujikunja, na kumpeleka haraka kwenye hospitali ya rufaa yenye huduma ya plazmaferesi, yaani kutoa plazma ya mgonjwa na kuweka nyingine. Kwa kuwa takriban asilimia 80 ya IgM imo ndani ya mishipa, kubadilishwa plazma mara moja au mbili huweza kumpa nafuu ya haraka wakati matibabu ya ugonjwa wenyewe yanapangwa. Ninyi tengeni plazma yake sasa hivi, ipimeni kabla hajaguswa, na muihifadhi iliyobaki kwa ajili ya kupima aina ya protini.