Misemo ya Kiingereza kuhusu haki mahakamani: jinsi ya kuielewa

Kosa la kwanza ni kutafsiri neno kwa neno. Kabla ya kufungua kamusi, jiulize msemo unagusa nini: mahakama yenyewe, nafasi ya kusikilizwa, uamuzi, au adhabu.

Chukua "kangaroo court". Wengi hukimbilia "kesi ya nyani, hakimu ngedere". Wamekaribia, ila hawajafika. Methali yetu inamlenga hakimu mwenye undugu na mshtakiwa. Msemo wa Kiingereza, ulioenea kutoka Marekani na si Australia, unalenga utaratibu: waliokaa kuhukumu hawana mamlaka au wanapuuza sheria, mshtakiwa hapewi nafasi ya kujitetea, na uamuzi ulishapitishwa kabla hajaingia. Huenda hakimu hana undugu na yeyote. Kwa lugha ya mtaani, "mahakama ya mchongo" inakaa vizuri. Kwenye maandishi rasmi tumia "mahakama bandia".

Kwenye adhabu, pima msemaji analalamikia nini. "Throw the book at someone" ni kumpa mtu adhabu kali kadiri sheria inavyoruhusu. Kitabu ni cha sheria. Huo si lazima uwe uonevu. "A slap on the wrist" ni kinyume chake: adhabu nyepesi mno. "Get off scot-free" ni kuponyoka bila adhabu, na "scot" ni ushuru wa zamani, haihusiani na Scotland. Hapa pana mtego: msemo huu hudokeza kwamba mtu alikosa. Ukimwandikia hivyo aliyeachiwa kwa kuwa hana hatia, umemchafua.

"Have your day in court" ni kupata nafasi ya kusikilizwa tu. Haiahidi ushindi.

Misemo ya juri inahitaji picha. Juri ni raia wa kawaida, 12 England na 15 Scotland kwa kesi za jinai, wanaotoka ukumbini kwenda kujadiliana faraghani. Wasiporudi, hakuna jibu. Ndiyo maana "the jury is still out" humaanisha jambo halijaamuliwa. "Hung jury" haijanyongwa: imekwama, haikubaliani. Kwa mtu aliyenyongwa, Kiingereza sanifu husema "hanged".

Gumu kuliko yote ni kwamba haki lazima "be seen to be done". Chimbuko lake ni uamuzi wa Lord Hewart, jaji mkuu wa Uingereza, 1923. Karani wa mahakimu alikuwa mshirika katika ofisi ya mawakili iliyomwakilisha mtu aliyekuwa akimdai mshtakiwa fidia kwa ajali ya barabarani ileile iliyomfikisha mahakamani, na mahakimu walipotoka kujadiliana, naye akatoka nao. Ilielezwa kwamba hawakumuuliza lolote, lakini hukumu ikafutwa. Kwa hiyo usiandike "ionekane kama imetendeka", maana hiyo ni haki ya maigizo. Andika "ionekane wazi kwamba imetendeka".