Krismasi bila presha: vile unaweza kupata ile amani wachungaji walitangaziwa

Kama kwenu ni Kisumu au Kakamega unajua vile Disemba inakuanga, nauli ya kutoka Nairobi imepanda, watu wa ocha wanangoja uteremke na mifuko, na karo ya Januari iko pale inakungoja. Mtu akikuambia "furaha kuu" unashangaa utaitoa wapi.

Anza na Luka 2, mstari wa 1 hadi 20, lakini soma polepole, si vile inasomwaga mbio kanisani. Angalia kila mtu alikuwa na shida gani. Yusufu na Mariamu wako safarini ju Kaisari Augusto ameamuru watu waandikwe, mimba imefika, nafasi hakuna, mtoto analazwa kwa hori ya ng'ombe. Wachungaji wa kondoo nao wako kazini usiku. Na malaika anaanza na "msiogope", kabla hata awaambie hiyo habari njema. Hapo ndio mimi hukwama sana, ju hakuna mtu aliambiwa atulie kwanza ndio Yesu azaliwe.

Sasa taja ile kitu inakunyima usingizi. Wacha zile za "Mungu nibariki" tu, sema naogopa karo, naogopa kukutana na brathe tulikosana juu ya shamba. Halafu huyo brathe mpigie simu kabla usafiri, msalimie tu, mambo ya shamba mtaongea siku ingine, lakini msikutanie kwa meza mbele ya mama.

Pesa: kubalianeni bajeti mapema na msikope kwa simu ndio muonekane. Soma Luka 2:24 ukilinganisha na Walawi 12:8, utaona wazazi wa Yesu walitoa sadaka ya ndege wawili, ile ya mtu hawezi mwanakondoo. Kama kuku ni mmoja, ni mmoja.

Na kama mmezika mwaka huu usijilazimishe kucheka. Simeoni, yule alimbeba mtoto Yesu hekaluni, alimwambia Mariamu upanga utamchoma moyo, na iko kwa sura hiyo hiyo ya malaika. Ukijua jirani amefiwa, mpelekee sukari na majani, keti naye, usihubiri.

Luka iko na sura 24, kwa hivyo ukianza Disemba 1, sura moja kila usiku, unamaliza tarehe 24. Ya kwanza ni mistari 80, hiyo igawe asubuhi na jioni.